Abiria Aliyekua Bila Kibali

Idara ya Usalama wa Abiria Wadogo ina furaha kuutangazia umma kwamba suala la viti vya watoto ndani ya magari limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi ndiye katibu wa Idara. Naeleza mambo yalivyokwenda ili watu waache kutia chumvi.

Yalianza na muuguzi mmoja aliyekuja ofisini akiwa na binti yake, mtoto mrefu ambaye nyumbani walimwita Twiga. Alituomba tushuke naye hadi kwenye gari. Mkurugenzi akashuka, nami nikafuata na faili. Twiga akaingia nyuma, akajikunja ndani ya kiti cha vichanga tulichokiidhinisha alipozaliwa. Magoti yaligusa kidevu. Mkanda ulikuwa umemchora alama nyekundu begani. Kubadilishiwa kiti kulihitaji kamati ikae, na kamati haikuwa imekaa kwa sababu ya uhaba wa viti.

Mkurugenzi alimchunguza, akaeleza kwa upole kwamba kiti hakina tatizo lolote. Aliyebadilika ni mtoto, tena bila kibali. Akamshauri mama asitishe ukuaji kwa muda.

"Nimemwambia, Mheshimiwa," muuguzi akajibu. "Hasikii."

Tuliliandika jibu hilo kama ushirikiano mzuri wa mwananchi.

Lakini mama hakuondoka. Alisema wodini kwake huwapokea watoto waliorushwa ndani ya magari kwenye ajali, na wengine wao walikuwa na vibali. Hakupaza sauti, alikuwa akimsugua binti yake bega. Mkurugenzi akatazama saa. Mimi nikatazama faili.

Hata hivyo, bosi wetu ni mtu wa maamuzi. Palepale aliamuru umri ufutwe kwenye kanuni, maana watu hudanganya umri, kitumike kimo. Neno "mtoto" nalo likafutwa, kwa kuwa mwanasheria wetu alisema linaleta ubishi. Waraka ukasomeka hivi: mtu yeyote asiyefikia mstari wa kimo atakaa nyuma, juu ya kiti cha kuinulia, ili mkanda umpitie begani na si shingoni. Hakuna msamaha.

Fundi wa rangi alipouliza mstari uchorwe wapi kwenye nguzo ya geti letu, Mkurugenzi alinyoosha mkono juu kabisa ya kichwa chake.

"Hapa," akasema. "Kwenye usalama hatufanyi ubahili."

Siku ya uzinduzi waandishi wa habari walijaa. Twiga alipimwa wa kwanza, na mstari ulimwacha mbali. Mama yake akafungua buti la gari, akatoa kiti cha kuinulia cha kijani alichokuwa amekinunua kitambo na kukificha kama mali ya magendo. Mtoto akakaa. Mkanda ukalala begani sawasawa, miguu ikaning'inia kwa raha. Akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kuendelea kukua. Nikamjibu kwamba suala lake linashughulikiwa.

Hotuba zilipokwisha, Mkurugenzi aliingia kwenye gari lake. Askari wa barabarani aliyekuwa getini, mama wa makamo, alikuwa ameusoma waraka wote, jambo ambalo hatukulitarajia. Akamwomba ashuke apimwe.

Sijaeleza kimo cha Mkurugenzi kwa sababu ofisini kwetu hakizungumzwi. Mstari ulimzidi kwa kiganja kizima. Alivuta shingo. Alisimama kwa vidole. Askari akamwomba ashushe visigino.

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, Mheshimiwa. Sahihi yako iko hapa chini."

Dereva alizima injini, akasema leseni yake ndiyo inayomlisha. Ikabidi tutafute kiti, na katika Idara nzima ya viti hapakuwa na kiti hata kimoja. Muuguzi akajitolea kutoa kingine alichomnunulia Twiga kwa ajili ya gari la shangazi yake. Kilikuwa na picha za sungura.

Mkurugenzi akapanda. Kamera zilifanya kazi yake. Alipohangaika na mkanda, Twiga alikuja mwenyewe, akausogeza kutoka shingoni hadi begani, akabana kifungo, akauvuta kuhakikisha umeshika. Kisha akamtazama usoni kwa huruma.

"Usijali, Babu," akamwambia. "Hata mimi nilianza mfupi."