Mbao za Theluji Zinakodishwa Hapa

Mudathiri alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka la Mzee Mfaume, anakunywa kahawa iliyoagizwa na mtu mwingine, aliposikia neno Uswisi. Kikombe kilimgandia mdomoni. Wengine waliokuwa pale barazani walilisikia neno lilelile, wakaendelea kucheza bao.

"Mwezi wa pili naondoka," Mfaume alikuwa anasema, huku anajipepea kwa kofia. "Mzungu wangu wa korosho kanialika mapumziko. Juu milimani, kwenye theluji! Kula kwake, kulala kwake."

Miaka ile korosho zilikuwa zimeachiwa wafanyabiashara binafsi, na Kibiti ilijaa watu waliolala na mizani ya kuazima wakaamka matajiri. Mfaume alikuwa mkubwa wao. Alinunua korosho, akauza saruji na mabati, na ubahili wake ulijulikana mpaka Ikwiriri. Watu walisema hata peremende za Idi aliwakatia wajukuu nusu nusu. Mtu wa namna hiyo, aliwaza Mudathiri, hatapeliwi kwa kuombwa. Anatapeliwa kwa kupunguziwa bei.

Na Mudathiri alihitaji kumtapeli mtu, tena upesi. Haikuwa kwa uroho, Mungu ni shahidi. Ilikuwa kwa mapenzi.

Mkewe, Rukaiya, alikuwa amekaanga vitumbua na kucheza upatu mpaka akapata pesa ya kuezeka nyumba kwa bati. Mudathiri aliichukua pesa hiyo, akaenda nayo Dar es Salaam, akarudi na kasha la mitumba lililopigiliwa misumari, ambalo muuzaji aliapa kwamba ni majinzi matupu kutoka Ulaya. Walipolifungua wakakuta mbao ndefu zilizopinda pua, ubao mmoja mpana usiofanana na chochote, viatu vigumu visivyokunjika, fimbo, miwani ya kufunika nusu ya uso, na suti nene zilizojazwa pamba ambazo ukizivaa Kibiti unaweza kufa kabla ya adhuhuri. Jinzi hata moja halikuwamo.

Rukaiya hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Alitazama juu kwenye makuti yaliyochoka, akasema kwa utaratibu, "Mvua za masika zikinikuta chini ya haya, mie naenda zangu kwa mama, Umwe. Na sirudi."

Mudathiri alikuwa amedanganya watu wa kila aina, lakini alimpenda Rukaiya kikweli, na alijua mwanamke yule hasemi kitu mara mbili. Akaweka kikombe chini.

"Shikamoo, Mzee Mfaume."

"Marahaba. Hiyo kahawa ya nani?"

"Uswisi sehemu gani, mzee? Maana mie kule nimekaa."

Kwa kweli mahali alipokaa ni getini bandarini, siku alipojaribu kuzamia meli akatimuliwa na mlinzi mwenye filimbi. Lakini meli yenyewe ilikuwa inakwenda Ulaya, na Mudathiri aliona nia nayo ina uzito wake.

"Weye umekaa Uswisi?"

"Nilikuwa nafundisha watu kuteleza."

"Kuteleza nako kunafundishwa?"

"Wenzetu hata kuanguka wanasomea. Kule milimani hakuna kutembea, mzee. Mbao miguuni, fimbo mikononi, unashuka. Sasa, vifaa unavyo?"

"Si nimekwambia Mzungu wangu..."

"Kakwambia kula na kulala. Vifaa kavitaja?"

Mudathiri akasogea, akashusha sauti kama anayetoa pole.

"Hapo ndipo wanapowakamatia wageni. Unakodishiwa palepale mlimani, kwa siku, na huna pa kukimbilia. Nimemwona mtu mzima, mwenye kiwanda chake, analia mbele ya dirisha la kukodishia. Wenye akili wanatoka navyo kwao."

"Na weye unavyo?"

"Ninavyo. Ila sikodishi. Vile ni kumbukumbu zangu."

Tajiri akiambiwa kitu hakikodishwi, usingizi unampotea. Kesho yake kabla jua halijakolea Mfaume alikuwa uani kwa Mudathiri, anazigongagonga mbao na kuzinusa. Akauliza ziko jozi ngapi. Akauliza tena. Ndipo Mudathiri alipong'amua kwamba mzee anataka kasha zima, aende akawakodishe Wazungu wenyewe chini ya bei ya mlimani. Alimheshimu kidogo kwa hilo.

Wakakubaliana. Kodi ya vifaa vyote ni mabati ya kutosha nyumba moja, na misumari yake. Kwenye misumari walishindana mpaka jua likawa la utosi, lakini ikaingia. Mudathiri alikuwa akichekelea rohoni, kwa sababu viatu vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto na mzee hajavijaribu.

"Lakini sikiliza, kijana," alisema Mfaume. "Sitoi hata bati moja mpaka niteleze kwanza hapahapa kwetu. Nikiteleza, mabati yako."

Sasa mtu atateleza wapi Kibiti? Mudathiri aliingia jikoni amenuna. Rukaiya alikuwa anageuza vitumbua, na hakuinua macho.

"Kule kwa mama mdogo, kisiwani Kiongoroni, maji yakitoka, tope linakuwa uwanja," alisema. "Watoto wanateleza kwa matumbo. Nendeni bamvua, siku mwezi ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali. Jumamosi hii ni bamvua."

"Mm."

"Na mabati yapakieni kwenye boti, muende nayo hukohuko. Yule mzee akirudi dukani kwake atageuka."

Mudathiri alikula vitumbua viwili, na alipofika cha tatu tayari aliamini kwamba amelifikiria jambo lote mwenyewe. Yeye alikuwa mtu wa milimani, amezaliwa mbali na maji ya chumvi. Bamvua alilijua kwa jina tu, na hakuona sababu ya kuuliza zaidi.

Jumamosi wakashuka mpaka Nyamisati na gari la mizigo, kasha na mabati juu yake, wakachukua boti ya mashine, wakaingia Kiongoroni maji yakiwa bado yamejaa. Walipokelewa na Mwanahalima, mtoto wa mama mdogo wa Rukaiya, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kuchimba kaa. Alimsalimia shemeji yake, akamwamkia mzee, akayatazama mabati yakishushwa, akasema karibuni sana. Hakuuliza lolote.

Maji yakatoka. Yalitoka kweli, mpaka mkondo ukabaki mstari kule mbali, na mbele yao likatandaa tope la kijivu lililong'aa.

Mzee Mfaume akavishwa suti nyekundu ya pamba na miwani, akapewa fimbo. Kwenye viatu akasita.

"Mbona vyote vya kushoto?"

"Milima ya kule yote imelalia upande mmoja, mzee."

Mfaume akatikisa kichwa kwa kuelewa. Mudathiri akamfunga vishikizo, akamwombea dua fupi, akamsukuma.

Na aliteleza! Haki itendeke, aliteleza. Mbao zilipita juu ya tope zikilia shwaaa, jasho likimwagika ndani ya suti, na watu wa Kiongoroni waliokuwa ufukoni wakampigia vigelegele. "Ninacho kipaji!" alipiga kelele Mfaume. "Kijana, nina kipaji mie!" Akajisukuma tena kwa fimbo, akateremka zaidi kuelekea mkondoni, huku Mudathiri akiyatazama mabati yake na kuwaza upande gani wa nyumba aanze kuezeka.

Kisha kelele zikabadilika. Karibu na mkondo tope lilikuwa laini, na Mfaume alikuwa mzito. Pua za mbao ziliingia chini, zikafuatwa na vishikizo, zikafuatwa na magoti. Alivuta mguu, mguu ukakataa. Viatu vile vilifungwa kwa vyuma, na vyuma vilikuwa chini ya tope.

Mudathiri hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake afe, hasa kabla ya malipo. Alichukua ule ubao mpana, akaulalia kifudifudi, akajisukuma kwa mikono mpaka alipo mzee. Aliposimama ili amvute, ubao ukachomoka chini yake ukaenda zake, na yeye akazama mpaka mapajani. Wakabaki wametazamana.

"Ulifundisha Uswisi wapi?" aliuliza Mfaume.

"Vuta fimbo, mzee."

"Sehemu gani ya Uswisi?"

Lakini Mudathiri alikuwa ameona ule mstari wa mkondo umenenepa. Maji yalikuwa yamegeuka. Maji ya bamvua yakirudi hayaji taratibu. Yaliwafika viunoni wakiwa wanabishana, na yalipowafika vifuani walikuwa wote wawili wanasoma aya moja, kila mmoja kwa kasi yake.

Ndipo alipotokea Mwanahalima kwenye upenyo wa mikoko. Alikuwa amepiga magoti juu ya ubao ule mpana, anapiga kasia kwa mkono mmoja, hana haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Marahaba! Tusaidie!"

"Habari za Kibiti?"

"Nzuri! Mama, tunakufa!"

"Watoto hawajambo? Na korosho mwaka huu?"

"Shemeji!" alilia Mudathiri. "Lete huo ubao!"

"Ubao upi, shemeji? Huu nimeuokota. Kwetu huku kikielea ni cha aliyekiokota, waulize watu wote wa Kiongoroni." Akaupigapiga mgongoni. "Ni mzuri. Ila mie nimeanza biashara, naukodisha."

Mfaume alikuwa mfanyabiashara hata ndani ya tope. Sauti yake ikatulia. "Kiasi gani?"

"Yale mabati."

"Nusu yake."

"Maji yanapanda, mzee. Na bei nayo inapanda."

"Yote, basi! Yote!"

"Na misumari."

"Misumari hapana!" Wimbi dogo likamgonga kidevuni, likaingia ndani ya miwani. "Na misumari! Wallahi, na misumari!"

"Mabati yale ni yangu!" Mudathiri alipaza sauti. "Mzee keshateleza! Tulikubaliana akiteleza!"

"Nimeteleza?" alifoka Mfaume. "Mimi nimezama!"

Mwanahalima akamfungua vishikizo kwa vidole vyake vilivyozoea kupekua matope, akamtoa mzee ndani ya viatu, akamlaza juu ya ubao, akamfikisha nchi kavu. Akarudi kwa Mudathiri, ambaye sasa alikuwa anazungumza na mbingu.

"Mie ni ndugu yako," alisema Mudathiri.

"Ndiyo maana nakukopesha. Vile vilivyobaki kwenye kasha niachie. Huku wachimba kaa wanahitaji kitu cha kupitia juu ya tope. Umetuletea jambo zuri, shemeji, Mungu atakulipa."

Mudathiri alitolewa mzima, lakini hakurudi Kibiti. Mfaume alikuwa ameapa barazani kwamba akimwona atamtia ndani ya gunia la korosho amshone, na zaidi ya Mfaume alikuwapo Rukaiya. Atasimama mbele yake na nini? Akajibanza Dar es Salaam, anabeba mizigo stendi, mabegani kweli, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Kila wingu lililopita lilimkata maini. Masika yalipoanza hakuweza tena. Akapanda gari usoni amejifunika kanga, akafika nyumbani jioni chini ya mvua.

Nyumba ilikuwa tupu. Makuti yalikuwa yameanguka upande mmoja, na maji yalitiririka mpaka mahali palipokuwa na kitanda. Sufuria hazikuwapo. Mudathiri alikaa kizingitini akalia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona, alilia bila kudanganya.

Kisha akaenda Umwe kwa miguu, akafika kesho yake.

Kwenye kiwanja cha mama mkwe kilisimama kijumba kipya, vyumba viwili na baraza. Kilikuwa na bati kichwani, na mvua ilikipiga kwa makelele ambayo Mudathiri aliyasikia kabla hajafika uani. Rukaiya alikuwa amekaa barazani, mkavu, anachambua mchele.

"Karibu," alisema kwa sauti kubwa ili asikike.

Mudathiri aliyatazama mabati. Akatazama misumari. Akakumbuka nani alimwambia Kiongoroni, nani alimwambia Jumamosi, na nani alimwambia apakie mabati kwenye boti. Kila jambo likakaa mahali pake.

"Mwanahalima," alisema.

"Kanifikishia mpaka hapa. Ndugu mzuri. Pesa yangu ilikwenda kwenye kasha, kasha likaenda kwenye tope, tope limeniletea mabati. Sina deni na mtu."

"Ningeweza kufa kule!"

"Mwanahalima alikuwa mikokoni tangu maji yalipotoka, anakuangalieni. Ufe vipi?"

Mudathiri alijikung'uta maji, akavaa lile tabasamu lake lililokuwa limemfungulia milango mingi. "Basi mke wangu, alhamdulillahi, tumepata nyumba ya bati. Mali yako, mali yangu."

"Mali ya mke ni ya mke," alisema Rukaiya. "Mume ndiye anayetakiwa kuniweka ndani. Nenda kamuulize shehe yeyote unayemtaka, mpaka Dar es Salaam." Akapepeta mchele kidogo. "Chumba cha nyuma kiko wazi. Nakikodisha."

"Kwa mumeo?"

"Kwa yeyote. Kodi yake ni kutwanga mchele wa vitumbua, kila alfajiri, na kuviuza mwenyewe stendi. Kwa bei niliyopanga mie. Bila hadithi."

Mvua iliongezeka. Mudathiri aliona aibu. Na chini ya aibu aliona furaha, kwa sababu alikuwa ametembea njia nzima akitegemea kufukuzwa. Akavua viatu, akapanda barazani, akauchukua mchi uliokuwa umeegemezwa ukutani.

Alitwanga mpaka mikono ikamuuma. Alipopumzika akauliza, bila kumtazama mkewe, chumba cha mbele kodi yake ni kiasi gani.

"Hicho hakikodishwi," alisema Rukaiya. "Nakuangalia mwenendo kwanza, mpaka mvua zikatike."

Masika mwaka ule, watu wa Umwe wanakumbuka, yalikuwa marefu mno.