Marumaru ya Bafuni na Jumapili Yangu

Jumatatu, tarehe 3
Siku ya tisa bila mke. Kisa: bafu. Marumaru aliichagua mwenyewe, jiwe kwa jiwe. Mimi, kwa uvivu wa kusugua, niliimwagia dawa ya choo. Ikatoa povu. Ikababuka, ikawa inakwaruza kama msasa. Aliponiuliza nikasingizia maji ya bomba. Akaikuta chupa nyuma ya tangi! Alisema haondoki kwa ajili ya jiwe, anaondoka kwa ajili ya uongo. Nadhani ni jiwe. Ametuma ujumbe: atakuja Jumapili kuangalia. Akikuta mambo ni yaleyale, anachukua nguo zake zote.

Jumanne, tarehe 4
Shemeji kapita, eti kunisalimia tu. Kaka wa mke wangu, fundi marumaru, na anajua kwamba anajua. Akapitisha kiganja ukutani, akaguna. Asidi imelila jiwe, akasema. Lisuguliwe kwa maji, kuanzia pedi ya kusugulia yenye chenga kubwa hadi ile laini kabisa, bila kuruka hata moja. Akajitolea. Nimwachie sifa zote yeye? Ng'o! Nikamwambia nina fundi wangu. Sina.

Jumatano, tarehe 5
Nimeazima mashine ya msasa kwa seremala jirani. Msasa mkali kwanza, kisha laini. Wa katikati niliuruka, muda hautoshi. Maji pia niliyaacha, yanachafua. Vumbi hadi kwenye mswaki! Lilipotulia nikaona ukuta mzima umejaa mikwaruzo ya mviringo. Nimekaa juu ya ndoo saa nzima nikiitazama. Maji yamenifika shingoni.

Alhamisi, tarehe 6
Akili mpya: mafuta ya kupikia. Nikapaka ukuta na sakafu. Loo, ikang'aa! Nikaingia kuoga kwa furaha. Niliteleza kabla sijafungua maji. Nilikaa pale chini, taulo lake bado limening'inia mlangoni, nikalia. Kiuno kiliuma, lakini sikulia kwa ajili ya kiuno. Nyumba imepoa mno.

Jumamosi, tarehe 8
Shemeji alikuja jana bila kuitwa, na pedi zake na ndoo. Aliyaona mafuta, akakunja mikono ya shati tu. Afadhali angenitukana. Siku mbili anasugua, maji yanatiririka meupe kama uji. Kila pedi ikimaliza anakausha kwa kitambaa, anamulika kwa tochi kutoka ubavuni; akiona mkwaruzo mmoja tu, anarudia pedi ya nyuma. Mimi nilishika mpira wa maji. Leo jioni jiwe limekuwa laini kama shavu la mtoto. Nilimshukuru, roho ikiniuma. Akaniambia akija dada yake nimweleze ukweli tu, yatosha.

Jumapili, tarehe 9
Amekuja saa nne. Kavua viatu, kaingia bafuni, kapitisha kiganja kama kaka yake. Akatabasamu! Mwezi mzima sijaliona tabasamu hilo. Akauliza kwa upole nani kaifanya kazi hii. Jibu lilikuwa ulimini, naapa. Nikasema mimi, kwa mikono yangu. Akauliza, hata pembe za chini? Nikasema hizo ndizo zilizonitoa jasho. Kisha akasema ni yeye aliyemtuma kaka yake. Kazi aliilipia yeye, na jiwe lenyewe hata halijali. Alitaka kunisikia nikisema kweli mara moja tu. Akachukua taulo mlangoni. Nguo zimejaa masanduku mawili. Nilimbebea hadi getini, hakunitazama.

Jumatatu, tarehe 10
Nimeoga peke yangu. Bafu linapendeza hadi linakera. Nimefikiri sana, na sasa nimeliona kosa langu: nilijitwisha kazi yote. Ningesema tulisaidiana, angekuwa hapa ananipikia chai. Nimempigia shemeji, nikamwomba amwambie dada yake kwamba pembe za chini nilizisugua mimi. Amekata simu. Pengine ni mtandao.