Matanga ya Baba Mdogo Asiyezaliwa

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimeamua. Jumamosi nampeleka Ajiko likizo Uganda! Jinja, mto Nile, ngoma za Wasoga, kila kitu. Tangu nimuoe sijawahi kumpeleka mahali pasipo na shughuli. Ameuliza Uganda ipi, hii ya ng'ambo ya lango la mpaka, hapa Malaba, anakonunua vitunguu kila Jumanne? Nikamweleza: kwenda na kapu ni sokoni, kwenda na sanduku ni likizo. Akacheka, akaenda kujaribu gauni lake jipya la gomesi. Lakini amesema wazi: safari hii nisipompeleka, atakwenda mwenyewe.

Tatizo ni jirani yangu Opolot. Wakala wa forodha, shati limepigwa pasi hata Jumapili mchana. Nilipaka lango langu bluu, wiki iliyofuata lake likawa bluu. Nilinunua tangi la maji, akanunua kubwa zaidi. Akisikia Jinja, Ijumaa atakuwa huko akipiga picha, na mimi nitaonekana ndiye niliyeiga. Leo amenisalimu mara mbili. Kwa nini mara mbili?

Jumanne, 12 Agosti

Opolot ameona sanduku! Nilikuwa nalipitisha uani, nimelifunika blanketi. Akauliza kulikoni. Papo hapo nikamjibu nimefiwa. Baba mdogo, anazikwa Jumamosi huko Bumala. Akageuka, akaingia kwake. Nimemweza! Nani atatoka Malaba hadi Bumala kumzika mtu asiyemjua?

Ajiko hakufurahi. Anasema kwao Moding hawachezi na kifo, na tena mtu ambaye hajazaliwa hawezi kufa. Nikamwambia huo ndio uzuri wake, hakuna aliyeumia.

Alhamisi, 14 Agosti

Hatari. Jana jioni watu walikuja, leo wamerudi. Kamati ya matanga imeundwa sebuleni kwangu! Mwenyekiti, Opolot. Mkewe Mourine ameleta sukari na majani ya chai. Madereva wa malori ninaowatolea fotokopi dukani wameleta mchele. Kwaya ya kanisa inafanya mazoezi uani, sauti ya tatu imepotoka kabisa.

Opolot ameuliza marehemu aliugua nini. Nikasema mguu. Akauliza mguu gani. Anataka mguu wa nini? Ananichunguza huyu.

Nikasema mazishi ni ya familia tu. Akanishika bega, macho yamelowa: "Boss, hauwezi zika peke yako na sisi tuko." Machozi ya kweli au kitunguu? Nikasogea kumnusa. Sikupata jibu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mpango: kutoka mapema, kuvuka mpaka kabla mtu hajaamka. Nikafungua lango.

Basi la kanisa! Kwaya katika sare, hema juu ya basi, masufuria, viti vya plastiki. Opolot na koti jeusi. Nyuma yangu Ajiko amesimama na gomesi yake ya rangi ya chungwa, mkono kwenye sanduku. Alinitazama. Alikuwa anangoja niseme ukweli, na neno moja tu lingetosha. Nikapanda basi.

Mourine akamshika Ajiko mkono, akatangaza kwamba maskini huzuni imemzidi hadi amekosea nguo, na kwamba yeye atabaki naye.

Bumala. Nilimwelekeza dereva kushoto, kulia, tena kushoto, nikitafuta matanga yoyote. Jumamosi hayakosi. Hema jeupe! Nikaruka chini nikilia baba mdogo, baba mdogo! Marehemu alikuwa nyanya wa watu. Kwaya haikusita. Nikapewa maikrofoni, nikasema nyanya alikuwa baba kwetu sote. Watu wakalia. Familia haikuniuliza kitu: wa upande wa mama walidhani mimi ni wa upande wa baba, wa baba wakadhani ni wa upande wa mama. Nikaketishwa mstari wa mbele. Wali ulikuwa mzuri, lazima niseme.

Kisha wazee wakasema mtoto mwenye uchungu namna hii haondoki kabla ya kunyolewa siku ya tatu, pamoja na wafiwa wengine. Opolot akakubali kwa niaba yangu! Basi likarudi Malaba bila mimi. Nashuku alipanga.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimenyolewa. Kwa wembe, nje, mbele ya kuku. Shangazi mmoja mpya amesema kichwa changu ni cha marehemu kabisa.

Kisha simu ikalia. Picha! Ajiko yuko Jinja, ndani ya mashua, gomesi ya chungwa, anacheka hadi magego yanaonekana. Kando yake Mourine. Alisema atakwenda, na amekwenda. Lakini Mourine alijuaje habari za Jinja? Hili nitalichunguza.

Jumatano, 20 Agosti

Ajiko amerudi. Ameniletea kofia ya kitambaa cha gome la mti. Anasema Waganda huwafunikia wafu wao kitambaa hicho, kwa hiyo kitamfaa mfiwa kama mimi. Inawasha.

Alinihadithia ngoma, samaki, wanawake wanaocheza kwa kiuno wakati mabega yametulia. Halafu sauti ikashuka. Alisema ndege mkubwa alitua mbele ya mashua, mweupe, naye Ajiko akageuka haraka kunionyesha, akamkuta Mourine. Akaanza kukunja gomesi. Iliniuma. Iliniuma sana. Nikamwapia kwamba Desemba tunakwenda, sisi wawili tu, na ndege huyo nitamwona.

Akauliza Opolot nitamwambia nini. Akasema si nimwambie ukweli tu, mtu wa watu yule.

Ukweli! Ndivyo Opolot anavyotaka. Kosa lilikuwa matanga, watu wa huku wanapenda matanga mno. Safari hii nimetulia, nimefikiri. Jioni nimemwambia Opolot kwamba Desemba nitalazwa hospitalini Busia, upasuaji mdogo. Nani ana haja na mgonjwa? Akanishika bega, akarudi kwake. Nimemweza!

Sasa hivi Mourine amepita langoni kuuliza kama napenda uji wa wimbi au wa mahindi, na kama wodi ya wanaume inatosha kwaya. Kwa nini anauliza?