Odette wa Majembe Arobaini na Tisa

Leo nimeaibika kijijini Mwakiro, na aibu yenyewe nimeifuata kwa gari la ofisi.

Naanza asubuhi. Mradi wetu uko Gitega, hapa Burundi, unawasaidia watu waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania. (Nami nimekulia huko huko kambini, kwa hiyo sina kisingizio.) Nilikuwa na majedwali mawili. La kwanza ni la kaya za Mwakiro zilizoandikishwa. La pili ni la waliopokea majembe. Kazi yangu ilikuwa kuyaunganisha kwa R, ile programu ya takwimu niliyowaringia humu kundini mwezi uliopita. Yakilingana, lori la mbegu za maharagwe linaondoka. Mvua imeshaanza, watu wameshalima, wanachosubiri ni mbegu tu.

Jedwali la majembe lilitoka kwa Mama Neema, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge Mwakiro na kututunzia orodha. Alinipigia simu kabla sijaanza.

"Unganisha na numero ya karte, papa. Usiunganishe na majina."

Kwa nini hataki majina? Mtu asiye na la kuficha anaogopa jina kwa nini? Nikaifuta safu ya namba za kadi, nikaunganisha kwa majina.

Kila jedwali lilikuwa na watu mia moja na ishirini. Jibu likatoka na mistari mia moja sitini na miwili. R ikaniandikia onyo refu. Sikulimaliza. (Nilijua linamhusu Mama Neema.)

Nikashuka na orodha. Niyonzima Odette. Niyonzima Odette. Niyonzima Odette. Nikahesabu kwa kidole kwenye kioo: mara arobaini na tisa. Mwanamke mmoja, majembe arobaini na tisa. Huyu analima nini, mkoa mzima?

Nikakimbilia kwa shefu, mkuu wetu wa mradi. "Tumeibiwa."

"Una hakika?"

"Kompyuta haina shangazi Mwakiro, shefu."

Lori likazuiwa likiwa limeshapakiwa. Mimi nikapewa gari. Njia nzima hadi mkoani Muyinga, kiliko kijiji hicho, nilikuwa napanga maswali, na tulipoingia Mwakiro kila mwanamke aliyebeba jembe nilimtazama mara mbili. Mmoja akanipungia mkono. Nikaona huyo ndiye hatari zaidi.

Nje ya ghala la mradi watu walikuwa wamejaa, Mama Neema kati yao, wakidhani gari letu limetangulia mbele ya lori. Ningeweza kumwita Mama Neema pembeni. Sikumwita. Nilitaka mashahidi.

"Namtaka Niyonzima Odette," nikasema kwa sauti ya hakimu. "Na wewe mama, utatueleza majembe umeyauza wapi."

Mama Neema akaweka mikono kiunoni. "Odette yupi? Hapa iko wengi."

"Huyo wa majembe."

Akageuka, akaita jina mara moja tu. Wakasimama wanawake saba, kila mmoja na jembe lake.

"Wote nyinyi?"

"Wote," akajibu aliyekuwa mkubwa wao. "Tumezaliwa kambi moja, kaka. Mkunga aliyetuzalisha aliitwa Odette. Mama zetu hawakuwa na zawadi nyingine ya kumpa."

"Na Niyonzima?"

"Kwani wewe unaitwa nani?"

Nikakohoa. Mimi naitwa Niyonzima. (Mnajua kwetu hakuna jina la ukoo: ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana jina lake, halafu watu wasiojuana kabisa wanaitwa sawa. Nimelijua hilo tangu utotoni. Nimelisahau leo tu.)

Hapo ndipo akili ikarudi. R ilikuwa imemchukua kila Odette wa jedwali la kwanza ikamuunganisha na kila Odette wa jedwali la pili. Saba mara saba. Hakuna jembe hata moja lililopotea.

"Njo maana mi nilikuambia numero," Mama Neema akasema polepole. "Mi naishi na hawa watu. Leo umenifanya mwizi mbele yao."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikafungua mdomo niombe msamaha, simu ikaita. Shefu. (Simu yangu haisikiki sikioni, naisikiliza kwa spika ya nje.)

"Mwizi umempata?"

Watu wote wakasikia. Nikifikiria kusema bado, lori linalala Gitega. Nikiwatazama akina Odette, wananitazama.

"Nimempata, shefu. Ndiye unayeongea naye. Mama huyu hana kosa, kosa ni langu. Ruhusu lori."

Akavuta pumzi ndefu, kijiji kizima kikaisikia. "Linatoka sasa hivi. Wewe baki huko, utalishusha."

Kwa hiyo nimekaa kibarazani kwa Mama Neema, nalisubiri lori. Msamaha nimeomba, mbele ya mashahidi wangu wote. Ameniletea chai. Haina sukari. Sijathubutu kuuliza kama amesahau, na naomba humu asicheke mtu.