Tathmini Linganishi ya Raning Beki wa Misimu Mitatu

Mgeni wetu rasmi, ambaye amepiga simu akasema yuko njiani. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, wa Kamati Ndogo na wa Kamati ya Kuangalia Kamati. Wachungaji na masheikh. Mama wa chapati. Ndugu zangu walinzi, madereva, manesi na wahudumu wa hoteli mliotoka mitaa ya Najma na Al Rayyan, na nyinyi mliovuka tu barabara hapa Al Mansoura. Wanafunzi wa Chuo cha Jioni cha Upeo. Na nyinyi mlioingia kwa sababu ukumbi una AC: itifaki ikiwa imezingatiwa, na asiyetajwa ajihesabu ametajwa, Bwana asifiwe, salaam aleikum, na hamjambo. (Hatujambo.)

Mimi, Daktari wa Heshima Henry Githinji, Mwenyekiti wa Muda kwa mwaka wa tatu sasa, nasimama mbele yenu Ijumaa hii, siku yenu ya pekee ya kufua nguo, kuwasilisha tathmini linganishi ya raning beki wa timu ya chuo chetu ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa miguu unaochezwa kwa mikono, ili tumtangaze aliye bora kuliko wote. Kwa wale waliochelewa kuelimika, raning beki ni mchezaji anayekabidhiwa mpira akakimbia nao, na kanuni ya kwanza ya mchezo huo, niliyoipata katika ziara ya benchimaki, yaani ya kujifunza kwa wenzetu, kule Dubai, ziara niliyokwenda peke yangu ili kubana matumizi, ni kwamba mwenye mpira ndiye anayefukuzwa. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Msimu wa kwanza tulikuwa na Oloo, mhudumu wa hoteli. Kasi yake ilishuhudiwa pale Najma basi la kampuni lilipomwacha, akalifukuza kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, hadi akalipata. (Oloo: "Ni taa nyekundu iliyolisimamisha, mwenyekiti.") Unyenyekevu huo, Oloo, ndio uliokushusha kwa asilimia nane.

Msimu wa pili tulifanya maboresho ya kimkakati, yaani Fabian. Huyu alibeba tikitimaji kutoka sokoni hadi mlangoni kwa Faridah, binti aliyetaka kumposa, akapenya umati wa siku ya mapumziko, toroli, na paka wote wa Najma, bila kuguswa na bila kulidondosha. Umiliki wa mpira, asilimia mia. (Sauti: "Na Faridah alikubali?") Faridah yuko nje ya hadidu za rejea za ripoti hii. (Kicheko.)

(Hannah Mumbua, nesi, amesimama karibu na mlango: "Mwenyekiti, hizo zilikuwa mechi gani?")

Dada Hannah, maswali yatapokelewa kwa maandishi, lakini nitakujibu kwa sababu sina la kuficha. Katika misimu yote mitatu timu hii haijafungwa hata mara moja, hata goli la kuotea. Nitajie timu nyingine hapa Ghuba yenye rekodi hiyo. (Makofi marefu. Hannah hapigi.)

Ndipo tunafika kwa kijana huyu aliyeketi safu ya mbele, Kiprop, mlinzi, ambaye kila alfajiri kabla ya zamu anakimbia kando ya bahari pale Corniche amekumbatia mto wake wa kulalia uliofungwa kamba, kwa vile mpira rasmi bado uko katika mchakato wa manunuzi. Leo amekuja nao, hebu inua tuuone. (Kiprop anainua mto.) Sasa nasikia kuna hoteli kule Al Rayyan inayotaka kumfanya msimamizi wa walinzi, na inataka jibu lake, ana kwa ana, kabla ya saa kumi na moja leo. Kazi yenyewe eti ina chumba cha kukaa na mke, na mkewe Cherotich yuko nyumbani Kapsabet anangoja simu. Mimi nikamwambia, Kiprop, tulia, hoteli zipo tu. Raning beki wa chuo anasoma bure. Na mke aliyengoja tangu harusi hashindwi na msimu mmoja zaidi. (Watu wanamgeukia Kiprop. Yeye anatazama saa ya ukutani.) Msimkodolee macho hivyo, mnampa presha.

(Hannah: "Kiprop, kaka, muulize mechi ni lini." Kiprop anasimama: "Mwenyekiti, kwa heshima, mechi ya kwanza ni lini?")

Swali la kijana mwenye maono. Roudmapu, yaani ramani ya safari yetu, ipo, na imepakwa rangi. Lakini kwanza semeni nami: Upeo! (Juu.) Beki! (Kimbia.) Mwenyekiti! (Hannah peke yake: "Jibu.")

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mwenye ukumbi kwa AC. Namshukuru mama wa chapati. Nawashukuru Oloo na Fabian, ambao hadi alasiri hii hawakujua kwamba waliwahi kuwa wachezaji. Na kwa namna ya pekee namshukuru Kiprop kwa kukubali kuwa raning beki wa timu ambayo, pindi tutakapopata wachezaji wengine kumi, uwanja, mpinzani, mpira, na idhini ya mkuu wa chuo, ambaye kwa sasa anasema hatutambui, itaanza mchakato wa kuanzishwa.

(Kiprop anakuja mbele. Anamkabidhi mwenyekiti ule mto kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha anageuka. Hannah ameshafungua mlango. Kiprop anakata katikati ya viti, anaruka sufuria ya chai, anatoka, na hatua zake zinasikika ngazini kuelekea stesheni ya metro.)

Mmeona wenyewe, ndugu zangu. Hakuguswa. Katibu, andika kwamba huyo ndiye bora wa misimu yote, na kwamba aliibuliwa chini ya uongozi wangu. (Hakuna makofi. Oloo anasimama. Fabian anasimama. Viti vinasogezwa, safu baada ya safu.) Kaeni, jamani, chapati bado zipo. Mbona mnanitazama mikono? Huu ni mto tu, si mpira. (Wanakaribia.) Asanteni sana kwa kunisikiliza. Dada Hannah, mlango huo usiufunge.