Akiba ya CPU na Gari la Wagonjwa la Kakuyuni

Mgeni wa heshima, ambaye kwa kuwa hakutokea nafasi yake naishika mimi, waheshimiwa wa meza kuu, waheshimiwa mliokosa viti vya meza kuu mkachanganyika na watu, viongozi wa dini zote, wazee wetu, shikamooni, wafanyabiashara wa hapa Shella, Malindi, akina mama wa Kakuyuni mliosafiri kuja kunisikiliza (sauti: "Tuliambiwa kuna vyandarua!"), mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mimi, Cliff Musyoka, Mkurugenzi Mtendaji Mwandamizi wa Mamlaka ya Uratibu wa Mitambo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wamekiri hawajapata kuuona kwa mtu wa cheo changu (makofi ya dereva wake), ili kuzindua mafanikio ya Mradi Jumuishi wa Kurekebisha Viwango vya Awali vya Maombi ya CPU kwa Programu za Uongozi wa Klasta. (Mtu anapiga chafya.)

Nitafafanua. Ofisini tuna kompyuta tatu zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Hiyo ndiyo klasta. Humo mna programu za kazi, kama ile ambayo muuguzi wa zahanati akiibonyeza, gari la wagonjwa linaitwa. Na mna programu za uongozi, ambazo hazimbebi mgonjwa yeyote bali huzipangia nyingine mahali pa kukaa. Kila programu huomba iwekewe akiba ya CPU, yaani nguvu ya kompyuta ya kufikiri, na viwango vya programu za uongozi vilikuja vimeshaandikwa na watengenezaji, kwa mitambo mikubwa kuliko yetu. Basi uongozi ukashikiwa asilimia themanini ya nguvu yote, na programu ya gari la wagonjwa, kila ikitafuta nafasi, ikaambiwa ingoje. Ilingoja siku kumi na moja, ambazo katika taarifa yangu nilizitaja kuwa kipindi cha utulivu wa kupigiwa mfano, kwani hakuna gari hata moja lililotoka. (Miguno.)

Ni katika utulivu huo ambapo fundi wetu, Bi Trizah Moraa, yule aliyesimama kando ya mlango, aliingia ofisini kwangu bila miadi.

"Mkurugenzi," akasema, "nimezipima programu za uongozi kwa siku nne. Zimeshika themanini, zinatumia tisa. Niruhusu nizipunguzie hadi ishirini na tano. Zitabaki na nafasi ya kutosha, na gari la wagonjwa litafanya kazi leo."

Nikamjibu kwa hekima, "Trizah, uongozi haupunguzwi eti kwa sababu hautumiki." (Kicheko. Mkurugenzi anainama kushukuru.) Nikaunda kamati, kamati ikaomba ziara ya benchmarking, yaani ya kujifunza kwa waliotutangulia, nami nikaiongoza mwenyewe hadi Naivasha kwa siku tano, ambako kompyuta hatukuziona lakini viboko tuliwaona.

(Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anasimama.)

Mama, maswali ni mwisho. Haya, haya, sema.

("Mimi naitwa Mbeyu. Muuguzi wa Kakuyuni alibonyeza mara saba. Uchungu umenishika, mtoto kakaa vibaya, gari haliji. Mustansir huyu hapa, mwenye duka la saruji, alikuwa ameleta mzigo. Akaishusha mifuko yote barabarani, akanilaza nyuma ya pikapu, dadangu kanishika mikono mpaka Malindi. Daktari alisema nusu saa zaidi ningempoteza. Mwanangu ndiye huyu. Siku hiyo wewe ulikuwa wapi, baba?")

Swali zuri sana. Tarehe hiyo, kama nakumbuka vyema... nilikuwa kwa viboko. (Hakuna anayecheka.)

Lakini ndugu zangu, tutazame matokeo! Jioni ya siku hiyo hiyo namba zilipunguzwa, programu ya gari ikapata nafasi, na tangu hapo wagonjwa mia mbili na sita wamechukuliwa, kutoka Kakuyuni hadi Mnarani, ikiwa ni ongezeko la asilimia ambayo wataalamu wangu wameshindwa kuikokotoa, maana tulianzia sifuri. Nikisema CPU, mjibu kwa wananchi! CPU! ("Kwa wananchi!") Akiba! ("Kwa wananchi!") Mkurugenzi! (Kimya.)

Namalizia kwa shukrani. Naishukuru kamati, ambayo ripoti yake inatarajiwa. Namshukuru katibu wangu, Phoebe, anayeninong'oneza hapa kwamba mradi huu hauna faili, haukusajiliwa, na kwa kweli haujapata kuwapo. Kwamba Bi Moraa alibadili mistari minne peke yake, bila idhini, aliposikia yaliyompata Mama Mbeyu. Na kwamba barua ya kumfuta kazi kwa kosa hilo, niliyoisaini juzi, ingali mkobani mwangu. Phoebe, hayo ulitakiwa uniambie kabla sijayasema kwenye maikrofoni.

(Mbeyu anapanda jukwaani na kunyoosha mkono. "Nipe hiyo barua, baba.")

Mama, hii ni hati ya ofisi. (Mbeyu hashushi mkono. Mustansir naye anasimama, kisha safu nzima ya nyuma.) Basi... chukua, mama.

(Mbeyu anaichana mara mbili, anateremka na kumpa Moraa mtoto ambebe. Makofi yanaanzia mlangoni na kuenea ukumbi mzima.)

Ahsanteni, ahsanteni sana! Makofi hayo ni yangu?

("La!")