Ombi la Kurudishiwa Mita Zetu

Bi. Lorna Tregenza,
Barabara ya Maghala,
Port Hallam, Australia Kusini.

Kwa Ndugu Darcy Heinrich,
Katibu, Klabu ya Gofu ya Port Hallam.

Ndugu Katibu,

YAH: KUHAMISHWA KWA VIBAO VYA UWANJA WA MAZOEZI

Kwa heshima yote anayostahili mtu aliyeuharibu mji mzima kwa asubuhi moja, nakusalimu. Mimi ni mzima. Mama yako nilimwona kanisani Jumapili, naye ni mzima, na sikumwambia lolote juu yako, kwa sababu nimelelewa vizuri.

Mwezi uliopita ulikwenda na kile kidude chako cha leza katika uwanja wetu wa mazoezi, pale watu wanaposimama kwenye mazulia ya nyasi bandia na kupiga mipira kuelekea shamba la shayiri la Bwana Schluter. Ukapima. Ukagundua kwamba kibao cha mita mia na hamsini hakiko mita mia na hamsini, na vile vingine ni hivyo hivyo. Mtu mwenye adabu angeguna, akakitia kidude mfukoni, akaenda zake nyumbani. Wewe uliving'oa vibao vyote ukavipeleka mbele mpaka penye ukweli. Nasikitika kukuarifu kwamba penye ukweli ni mbali sana, na hakuna mtu Port Hallam anayefika.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya mume wangu, Clem, ambaye tangu siku ile hakanyagi uwanjani na yumo jikoni kwangu kutwa. Nataka arudi kwenye mipira yake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hukuuliza historia. Vibao vile vilisimikwa zamani kwa yadi. Serikali ilipotuamuru tuhamie kwenye mita, kamati ya wakati ule ilikaa kikao, ikabishana, ikanunua kopo la rangi, ikafuta neno "yadi" na kuandika "mita". Vibao vyenyewe havikusogezwa, kwa sababu ulikuwa msimu wa mavuno na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuchimba mashimo. Baadaye baba yake Bwana Schluter alipotaka kurudishiwa ukanda wake wa ardhi, uzio ulisogezwa huku, na vibao navyo vikaja huku pamoja nao. Sasa niambie ni nani hapo aliyesema uongo. Mita zile tulizirithi kihalali kutoka kwa wazee wetu, na wewe umetunyang'anya bila hata kuitisha mkutano.

2. Umevunja adabu ya uwanja. Wewe ni kijana, pengine hukufundishwa, kwa hiyo nakukumbusha. Mtu akiinua fimbo yake, unanyamaza. Hupiti mbele ya zulia la mwenzako. Humpi mtu somo ambalo hakuliomba, hata kama mpira wake umekwenda kwa kondoo. Trekta la kuokota mipira likipita, ruksa kulilenga, maana dereva wake, Kev, yumo ndani ya wavu na ameshazoea, lakini ukilipata unamwinulia mkono kumwomba radhi kabla hujacheka. Na zaidi ya yote, mtu akisema mpira wake umefika pale, umefika pale. Wewe unasema, "Aisee, huo umeupiga!" na mambo yanaishia hapo. Sasa kibao chako kinasimama mchana kutwa kikimsahihisha kila mtu, na hakuna aliyekiomba.

Wala usinitajie uaminifu. Mipira ya uwanja wetu ina mstari mwekundu, haina mlinzi, na haijawahi kuibiwa hata mmoja. Siku ulipoonekana mmoja ndani ya mfuko wa fimbo wa Mchungaji Pascoe, alijiuzulu kamati kabla ya chakula cha mchana, ingawa sote tulijua ulijitumbukiza wenyewe. Hao ndio watu uliowamulika kwa leza kama wezi wa mifugo.

3. Jikoni kwangu. Clem amepanga upya makopo yangu ya viungo kwa mfuatano wa herufi. Ameweka saa mezani kupima yai linavyochemka, kisha akaniambia kwamba tangu tuoane mayai nimekuwa nikiyazidishia moto. Juzi alifungua jokofu, akasimama mbele yake kama mkaguzi wa afya, akaniuliza, "Lorna, hii jemu ina umri gani?" Jemu ile ilishinda kwenye maonyesho ya kilimo. Jemu iliyoshinda haiulizwi umri. Akichoka na jokofu anakaa kwenye kiti cha dirishani na kuniuliza ninapika nini, na huku sufuria iko wazi mbele ya macho yake. Kila asubuhi namuuliza anakwenda uwanjani saa ngapi. Kila asubuhi ananijibu, "Labda kesho, mama."

4. Ukweli wako umeambukiza. Ulianza na vibao tu, lakini tazama ulipofika. Ijumaa jioni pale baa ya klabu, watu walikuwa wakipiga domo mpaka wanafukuzwa. Sasa mtu anauliza, "Umefikisha ngapi leo?" Mwenzake anajibu, "Mia na kumi, na upepo ulikuwa unanisukuma." Halafu unasikia jokofu la bia likinguruma. Utaongeza nini hapo? Hadithi imekwisha kabla haijaanza.

Wiki iliyofuata Trevor Nankivell alirudi kutoka gatini, akaulizwa samaki wake alikuwa mkubwa kiasi gani, naye akaonyesha kwa mikono samaki wa ukubwa wake halisi. Mkewe alidhani ana homa. Trevor huyu, kwa kumbukumbu zako, hajawahi kuonyesha samaki bila kuwaambia watu wasogee kidogo.

Kutoka hapo ikawa hakuna breki. Kwenye mashindano ya mapishi, Bi. Glenys alizionja skonzi za Bi. Dot Pascoe, zile ambazo kila mwaka tunazisifu na kuwapelekea kuku, akamwambia mbele za watu, "Dot, hizi ungeezekea banda." Wawili hao wamekuwa marafiki tangu shule ya msingi na sasa wanapishana barabarani kila mmoja akiangalia angani. Na Alhamisi iliyopita tulimzika mzee Ron Pengelly. Mchungaji Pascoe, ambaye asubuhi ile alikuwa ametoka kupiga mipira na kuona kwa macho yake inakoangukia, alipanda mimbarini na kusema kwamba marehemu alikuwa mtu mwenye wema wa wastani. Wema wa wastani, Ndugu Katibu, na jeneza liko pale pale! Kibaya zaidi, mjane aliitikia kwa kichwa.

Kwa mwendo huu, kabla ya Krismasi wanandoa wataanza kuulizana kama nguo imewapendeza, na watajibiwa. Hapo utatafuta mji wa kuwa katibu wake na hutaupata.

5. Sasa naacha mzaha. Mwaka jana Clem alifanyiwa upasuaji wa moyo kule Adelaide. Daktari, mama mpole wa makamo, alitukalisha akatuambia moyo umebaki na nusu ya nguvu zake, na hautarudi ulivyokuwa. Clem alimshukuru kama mtu aliyepewa nauli. Akauliza swali moja tu, kama anaruhusiwa kupiga mipira. "Kidogo kidogo, mzee wangu," daktari akamwambia. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliendesha gari nikijifanya barabara ni ngumu.

Alipopata nafuu nilimpeleka uwanjani. Nilikaa ndani ya gari, kwa sababu hataki kutazamwa. Mipira ilikuwa inabiringika tu, mingine inasimama mbele ya miguu yake, na watu wa mazulia ya jirani wote walikuwa wameinama wakifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Hiyo ndiyo adabu ninayoisema. Siku nyingi zilipita hivyo. Kisha alasiri moja mpira ukaruka, ukaenda, ukakigonga kibao cha mia na hamsini mpaka bati likalia. Clem akageuka akaniangalia. Alikuwa na sura ya kijana niliyecheza naye dansi kwenye ukumbi wa wakulima. Jioni ile alikula sahani nzima ya nyama ya kondoo na akaomba nyingine. Daktari alisema nusu, kibao kikasema mia na hamsini, na mimi nilichagua kuamini kibao.

Siku ulipovihamisha, alipiga ndoo nzima ya mipira na hakuna hata mmoja uliokaribia. Alirudi, akauweka mfuko wa fimbo bandani, akaingia jikoni, akasema, "Basi, sasa nimejua." Akakaa. Mpaka leo amekaa. Naogopa, Ndugu Katibu. Naogopa kwamba atakaa kwenye kiti kile mpaka siku nitakapomletea chai na asinyooshe mkono kuipokea. Nilipokukabili mbele ya duka la mikate na kukuuliza ni nani aliyekutuma kupima, uliangalia viatu vyako ukasema, "Hilo siwezi kulisema, Bi. Lorna." Nilikuita jina ambalo sitaliandika hapa, na sijalifuta.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na uchague mwenyewe lililo jepesi kwako.

Kwanza, virudishe vibao vilipokuwa. Mashimo ya zamani bado yapo, na Kev yuko tayari kusaidia kwa trekta.

Kama dhamiri yako inakataa, viache huko viliko, lakini yasogeze mazulia mbele alfajiri kabla ya watu kufika. Hapo vibao havitakuwa vimesema uongo. Tutakuwa tumesema sisi, na sisi tumezoea.

Kama na hilo ni zito, futa namba zote, na badala yake uandike "Mbali", kisha "Mbali Sana", na kile cha mwisho kabisa "Hongera".

Kama kamati itashikilia kwamba ukweli ni lazima uwepo, basi uwepo siku za Jumanne tu, wakati uwanja umefungwa kwa ajili ya kufyeka nyasi.

Na kama yote haya yatagonga mwamba, nitawasilisha hoja kwenye mkutano mkuu kwamba leza hiyo ipelekwe kila mahali bila ubaguzi. Tutaanza na uzio wa nyuma ya nyumba yako, ambao mama yako mwenyewe anasema umemlia jirani ardhi yake. Kisha tutakuja kwenye urefu wako ulioandikwa kwenye kadi ya timu ya mpira wa miguu. Mimi nilikuona ukiwa umesimama kando ya goli, Darcy, na goli silo lililokuwa fupi.

Nisalimie mkeo na wajumbe wote wa kamati, hata wale waliopiga kura ya kununua leza. Kev msalimie sana, na mwambie asizime redio ya trekta, maana tunaipenda. Bi. Dot na Bi. Glenys wasalimie kila mmoja kwa wakati wake. Mama yako sina haja ya kumtumia salamu kupitia kwako, kesho ninakunywa naye chai, na adabu yangu itakuwa na mipaka.

Ni mimi ninayedai uongo wa heshima niliouzoea,

Lorna Tregenza (Bi.)

N.B. Barua hii naomba uichukulie kama haikuandikwa. Nilipokuwa natia sahihi, Clem alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma, kwa kuwa hana kazi nyingine. Alicheka mpaka nikakimbilia dawa zake. Halafu akavuta kiti, akaniambia kwamba ni yeye aliyekuomba upime, na ni yeye aliyekuapisha usimtaje, hata ukitukanwa.

"Vile vibao vilikuwa vinanipendelea, Lorna, mimi mwenyewe nilikuwa naona," alisema. "Nilitaka kujua nimebakiwa na nguvu kiasi gani, niamue nizipeleke wapi."

Nikamwambia, kwa hiyo ndiyo umekata tamaa, unakaa tu hapo unasubiri.

"Nani kakwambia nasubiri? Maisha yangu yote nimesimama kwenye zulia natazama mgongo wa Trevor. Nimeona nguvu hizi zilizobaki nizilete kwako, nikae na wewe. Wewe ndiye kila kukicha unaniuliza naenda uwanjani saa ngapi."

Vibao viache hapo hapo, mwanangu, na lile jina la mbele ya duka la mikate nimelifuta. Barua naileta mwenyewe kesho, ili nikuombe radhi ana kwa ana. Clem ameniuliza kama ananisumbua humu jikoni. Nimemwambia ukweli, kwamba ananisumbua sana, na asithubutu kwenda popote.